Lou Scheimer na hesabu ya michoro: mtayarishaji wa vibonzo hufanya kazi gani hasa?

Kwenye vibonzo vya Marekani vya miaka ya 1970 vilivyotoka studio ya Filmation, kuna kitu kidogo kinachopita kwenye orodha ya majina ambacho watoto wa wakati ule wanakikumbuka mpaka leo. Majina mawili, Lou Scheimer na Norm Prescott, yameandikwa kwa mduara na yanazunguka kama gurudumu. Gurudumu halina mwanzo, kwa hiyo hakuna jina linalotangulia. Wawili hao walikuwa washirika sawa kwa sawa, na hiyo ndiyo njia waliyoipata ya kukwepa ubishi wa nani aandikwe wa kwanza.

Mtoto aliyekuwa akitazama alijua kwamba kuna mtu anayechora na kuna mtu anayetoa sauti. Lakini hawa wawili wa kwenye gurudumu walifanya nini? Kwetu neno prodyuza linatuletea haraka picha ya kijana wa studio ya muziki, anayetengeneza mdundo na kumwambia msanii arudie ubeti. Mtayarishaji wa vibonzo vya televisheni ni mtu mwingine kabisa. Anaweza asichore mstari hata mmoja, asiandike hadithi, asitunge wimbo. Kazi yake kubwa ni hesabu, na katika fani hii hesabu ni ya mikono ya watu: mikono mingapi, kwa wiki ngapi, kwa mshahara gani, na nini kitawapata wenye mikono hiyo msimu ukiisha. Maisha ya Scheimer yanaonyesha jambo hili kuliko ya mtu mwingine yeyote ninayemfahamu katika fani hiyo, ndiyo maana nimemchagua yeye.

Tuanze na namba, kwa sababu bila hizo mengine yote hayaeleweki. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kila sekunde. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, kina kama dakika 22, yaani sekunde 1,320. Zidisha: unapata picha 31,680. Wachoraji hupunguza mzigo kwa kuishikilia kila picha mara mbili, kwa hiyo sekunde moja inahitaji michoro 12. Hata hivyo bado unabaki na michoro 15,840, na hapo umehesabu mhusika mmoja tu anayetembea mwanzo hadi mwisho. Wakiwa wawili, watatu, farasi yupo na mvua inanyesha, hesabu inapaa. Na katika miaka ya 1960 kila mchoro ulitoka mkononi. Ulinakiliwa kwenye seli, yaani karatasi ya plastiki angavu, ukapakwa rangi upande wa nyuma, ukalazwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Kituo cha televisheni kinataka kipindi kipya kila Jumamosi, na fedha kinayotoa haifiki hata karibu na gharama ya kazi hiyo ikifanywa kikamilifu.

Scheimer alizaliwa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Oktoba 19, 1928, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani. Alisomea sanaa katika chuo kinachoitwa sasa Carnegie Mellon, akamaliza mwaka 1952, kisha akaenda Los Angeles kutafuta kazi. Kwa miaka kadhaa alizunguka studio moja hadi nyingine, leo tangazo la biashara, kesho vibonzo vya Bozo, yule mchekeshaji wa sarakasi. Alijifunza mapema jambo ambalo kila mchoraji wa mji ule alilijua: unaajiriwa kipindi kikianza, unaachishwa kikimalizika. Mchoraji hodari angeweza kukaa miezi kadhaa kila mwaka bila kipato. Nadhani ugumu huo ulimkaa moyoni, maana maamuzi yake makubwa ya baadaye yanaurudia.

Mwaka 1962 alianzisha Filmation pamoja na Hal Sutherland, mchoraji aliyepitia Disney. Prescott, aliyewahi kuwa mtangazaji wa redio Boston, aliingia baadaye kidogo akiwa na ndoto ya filamu ndefu. Miaka ya kwanza ilikuwa ya njaa. Filamu hiyo ilikwama kwa kukosa fedha, matangazo yakawa haba, na kufikia mwaka 1965 maji yalikuwa shingoni: studio ilikuwa na madawati mengi na watu wa kuhesabu kwa vidole.

Ndipo ikaja habari kwamba kampuni yenye haki za Superman inatafuta studio ya kumpeleka kwenye televisheni. Scheimer mwenyewe alikisimulia kisa hiki mara nyingi. Mjumbe alikuwa njiani kuja kuikagua studio, na studio ilikuwa tupu. Wakawapigia simu marafiki waliokuwa wakifanya kazi studio nyingine, wakawaomba waje kwa saa chache wakae kwenye yale madawati. Mjumbe alipoingia alikuta watu wameinama, penseli zinatembea, karatasi zinapinduliwa. Akaridhika. Kipindi kilianza kuonyeshwa kwenye mtandao wa televisheni wa CBS Septemba 1966, na Filmation ikapata wachoraji wa kweli wa kujaza viti vile.

Kisa hicho kina ujanja ndani yake, sikatai. Lakini kinafundisha sehemu ya kwanza ya kazi ya mtayarishaji: anauza kitu ambacho bado hakipo, kwa ahadi kwamba kitakuwepo kwa tarehe fulani, na kuanzia siku ile mkataba unapotiwa saini yeye ndiye anayedaiwa tarehe hiyo.

Sasa tarehe inatimizwaje? Hapa ndipo Filmation ilipojipatia sifa na kejeli kwa pamoja. Chukua onyesho dogo: shujaa anageuka na kusema, "Ngoja!" Mwili wake umechorwa kwenye seli moja ambayo haitasogea. Kichwa kipo kwenye seli ya pili. Mdomo peke yake upo kwenye seli ya tatu, na kuna michoro michache tu ya midomo: uliofumba, uliofunguka nusu, wa "a", wa "o". Mpiga picha anabadilisha midomo tu, na shujaa ameongea. Sekunde mbili ambazo zingekula michoro 24 zimekula saba au nane.

Hiyo ilikuwa mbinu ya studio nyingi. Ya Filmation ilikwenda mbali zaidi, nayo ilikuwa akiba. Mhusika akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mkimbio ule ulichorwa vizuri mara moja, kwa uangalifu na kwa fedha nzuri, kisha ukawekwa kwenye kabati na kupewa namba. Kipindi kijacho anakimbia tena? Toa kwenye kabati, badilisha mandhari ya nyuma. Kwa Tarzan wa mwaka 1976 walimpiga filamu mtu halisi akiruka na kupanda, wakachora juu ya picha zake, ndiyo maana miondoko yake ina uzito wa mwili wa kweli. Miondoko hiyo ilitumika tena na tena, hata ikavalishwa nguo za mashujaa wengine. Mtazamaji makini alianza kuitambua: ule mruko tena, ile ngumi inayokuja kwenye kioo tena. Wahakiki waliita uvivu. Mimi naomba kabati lile tuliweke pembeni kidogo, tutalirudia, kwa sababu limebeba siri ya habari nzima.

Kupunguza gharama kuna mipaka yake, na mwaka 1973 Scheimer alifikishwa kwenye mpaka mmojawapo. Filmation ilipewa kazi ya kuigeuza Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za angani ulioigizwa na watu, kuwa vibonzo kwa ajili ya mtandao wa NBC. Waigizaji wa awali walitakiwa watoe sauti zao, lakini bajeti haikuwatosha wote. Mpango ukawa kwamba Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, na George Takei, aliyeigiza Sulu, wasiitwe, na sauti za wahusika wao zitolewe na James Doohan na Majel Barrett, ambao tayari walikuwa kwenye mkataba na wangeweza kuigiza sauti nyingi. Kwa kalamu na karatasi, ni akiba safi. Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock, alipopata habari alikataa kushiriki. Hoja yake ilikuwa kwamba Uhura na Sulu ndio ushahidi, ndani ya hadithi yenyewe, kuwa binadamu wa karne ya 23 wanafanya kazi pamoja bila kujali rangi, na huwezi kuwaondoa hao kisha ukaendelea kuuita ule ujumbe wako. Filmation ilikubali. Nichols na Takei waliitwa. Walter Koenig, aliyeigiza Chekov, hakupata nafasi ya sauti, ingawa aliandika hadithi ya kipindi kimoja.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Jina la Luteni Uhura lilitoholewa kutoka neno letu uhuru. Na ni katika vibonzo hivi, vilivyokuwa karibu kumpoteza mwenye sauti yake, ndipo Uhura aliposhika uongozi wa chombo kizima kwa mara ya kwanza, wanaume walipokuwa wamelemazwa na mvuto wa sayari ya ajabu. Fedha iliyoongezwa kwenye bajeti kwa ajili ya mwanamke mmoja mweusi ilizaa onyesho ambalo mfululizo wa waigizaji hai haukuwahi kumpa. Vipindi vilikuwa 22 tu, lakini mwaka 1975 vilishinda tuzo ya televisheni ya Emmy ya vipindi vya mchana vya watoto, na hiyo ilikuwa Emmy ya kwanza ya Filmation.

Kabla ya hapo, Septemba 1972, studio ilikuwa imeanza Fat Albert kwenye CBS, hadithi za watoto weusi wa mtaa wa kimaskini Philadelphia zilizotokana na utoto wa Bill Cosby. Scheimer alifanya jambo lisilo la kawaida kwa mtayarishaji wa Jumamosi asubuhi: kila hadithi ilipitia kwa jopo la wataalamu wa elimu likiongozwa na Gordon Berry wa chuo kikuu cha UCLA, kabla haijachorwa. Jina la Cosby limeandamwa na mashtaka mazito tangu wakati huo. Alitiwa hatiani kwa udhalilishaji wa kingono mwaka 2018, na hukumu ikatenguliwa mwaka 2021. Watu wengi hawawezi tena kukitazama kipindi kile kwa macho ya zamani, na ninawaelewa. Ila wachoraji na waandishi waliokijenga walikuwa wengi, na kwa watoto wengi weusi wa Marekani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujiona wakiwa ndio wenye hadithi.

Tukifika mwaka 1983 tunakuta fundo gumu kuliko yote, la He-Man, kipindi cha shujaa mwenye upanga. Wengi husema kwa kifupi kwamba lilikuwa tangazo la vinyago la nusu saa. Usemi huo una ukweli, lakini unaficha namna mambo yalivyofungamana.

Mpaka wakati ule vibonzo viliuzwa kwa mitandao mitatu mikubwa, ABC, CBS na NBC. Mtandao uliagiza vipindi vichache kwa msimu, mara nyingi 13 au 16, na ulikuwa na kauli ya mwisho juu ya kila kitu. Mattel, kampuni ya vinyago iliyokuwa imemtoa He-Man madukani mwaka 1982, ilitaka kipindi. Scheimer na wenzake waliamua kuikwepa mitandao na kuvipelekea kipindi vituo vya miji moja kwa moja. Kituo hakikulipa fedha taslimu. Kilipokea kipindi, kikatoa sehemu ya dakika zake za matangazo, na msambazaji, Group W, akaziuza dakika hizo kwa wenye bidhaa. Mattel nayo ilichangia gharama za utengenezaji. Kwa biashara ya vibonzo haya yalikuwa mapinduzi.

Lakini kituo cha mji hakitaki kipindi cha Jumamosi tu. Kinataka kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, watoto watokapo shule. Siku tano kwa wiki 13 ni vipindi 65. Vipindi 65 vya dakika 22 ni dakika 1,430, yaani karibu saa 24 za vibonzo. Linganisha na filamu ya Disney ya Snow White ya mwaka 1937, yenye dakika 83, iliyochukua miaka. Scheimer alijifunga kutoa kama Snow White 17, na msimu wa pili akatoa 65 vingine. Hapo ndipo ukilifungua tena lile kabati la akiba unaelewa lilikuwa la nini. He-Man anapoinua upanga wake na kugeuka, tunaona michoro ileile kila siku, na kila mara inayotumika tena inanunua siku chache za mchoraji kwa ajili ya onyesho jipya mahali pengine.

Juu ya hoja ya vinyago, nasema wazi kwamba waliolalamika walikuwa na haki. Peggy Charren na chama chake cha kutetea watoto walisema mtoto mdogo hawezi kutenganisha hadithi na tangazo la dukani, na mwaka 1990 bunge la Marekani likapitisha sheria ya televisheni ya watoto iliyoweka ukomo wa dakika za matangazo: 10.5 kwa saa mwisho wa wiki na 12 siku za kazi. Scheimer, kwa upande wake, aliweka masharti ndani ya kipindi. He-Man ana upanga lakini hamchomi mtu nao. Anainua jiwe, anamtupa adui kwenye tope. Mwisho wa kila hadithi mhusika mmoja anamgeukia mtazamaji na kuzungumza naye juu ya jambo fulani, uongo, woga, urafiki. Kuna wanaosema ilikuwa ngao tu dhidi ya wakosoaji. Mtu aliyeanzisha jopo la walimu miaka 11 kabla, pale ambapo hakukuwa na kinyago cha kuuza, mimi namwamini kwamba alikuwa na nia hasa. Yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. She-Ra alifuata mwaka 1985, shujaa wa kike mwenye wenzake wengi wa kike, na binti yake Scheimer, Erika, alitoa sauti humo. Scheimer mwenyewe alikuwa sauti ya Orko, yule mchawi mdogo asiye na uso, iliyopandishwa ikawa nyembamba. Alifanya hivyo kwa jina la bandia. Sauti ya mwenye studio hailipiwi kama ya mgeni, na bajeti ilihitaji kila senti.

Sasa kabati. Miaka ile studio nyingine za Los Angeles zilikuwa zimepata njia rahisi zaidi ya kupunguza gharama: hadithi na usanifu vinabaki Marekani, michoro yenyewe inachorwa Asia, ambako mshahara ni mdogo. Hanna-Barbera ilikuwa ikifanya kazi na studio ya James Wang huko Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 wachoraji wa Hollywood waligoma kwa sababu ya kazi kuhamishwa namna hiyo, na hawakushinda. Filmation karibu peke yake ilikataa. Mfululizo mmoja tu wa vibonzo vyake, wa Zorro mwaka 1981, ulichorwa Japani. Mingine yote ilichorwa katika bonde la San Fernando, na watu waliokaa chini ya paa moja. Ukiuliza fedha ya kuwalipa mishahara ya Kimarekani ilitoka wapi, jibu ni ule mkimbio uliotumika mara mia. Michoro iliyorudiwa, iliyochekwa na wahakiki, ndiyo iliyokuwa kodi ya nyumba za wachoraji. Humo ndimo walimopitia vijana kama Paul Dini, J. Michael Straczynski na Bruce Timm, ambao baadaye walibadilisha sura ya vibonzo na televisheni ya Marekani.

Kwa msomaji wa huku kwetu jambo hili lina upande wa pili, na sitaki kuuficha. Kazi iliyoondoka Los Angeles haikupotea hewani. Ilikuwa ada ya shule ya mtoto wa mchoraji Taipei. Mwaka 2010 Nairobi nayo iliipata zamu yake: Tinga Tinga Tales, vibonzo vya kampuni ya Uingereza vilivyotokana na mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, vilitengenezwa na vijana wa Kenya katika studio za Homeboyz, kisha vikaonyeshwa na BBC. Vijana wale walijifunza kazi kwa kuifanya. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kuhamisha kazi ni uovu mtupu. Ninachosema ni kwamba Scheimer aliwajua watu wake kwa majina, akachagua kubanana na hesabu badala ya kuwaacha.

Mwisho wa yote haukuwa mikononi mwake. Filmation ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya TelePrompTer tangu mwaka 1969, na baadaye TelePrompTer ikamezwa na kampuni kubwa ya Westinghouse. Scheimer aliendesha studio, lakini hakuwa mmiliki. Mwaka 1989 Westinghouse iliiuza kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na L'Oréal, kampuni ya vipodozi, ambalo lilitaka maktaba ya vipindi na halikutaka wachoraji. Studio ilifungwa Februari 3, 1989. Sheria mpya iliyowalazimisha waajiri wakubwa kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga ilianza kutumika Februari 4. Wachoraji walifunga masanduku yao ya penseli wakaondoka siku ileile.

Scheimer hakuwahi tena kuwa na studio ya ukubwa ule. Aliugua Parkinson kwa miaka mingi, ugonjwa unaoitetemesha mikono, na akafariki Oktoba 17, 2013, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 85. Maktaba iliendelea kupita mkono hadi mkono. Mmoja wa wamiliki waliofuata aliihamishia kwenye mfumo wa video wa Ulaya, wenye picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na mikanda ya awali ya filamu ikatupwa. Kwa hiyo vipindi vingi vya Filmation vinavyopatikana leo vinakimbia kasi kwa asilimia 4 kuliko vilivyotengenezwa, na sauti zake ni nyembamba kidogo kuliko zilivyorekodiwa, ya Scheimer ikiwemo.